Sam Pollock na zamu ya Oakland

Montreal, 3 Februari

Kwako Somo,

Ama baada ya salamu, barua yako imenikuta theluji imeziba mlango wa nje, sina pa kwenda, nikaisoma mara mbili. Kwa hiyo kamati yenu imemuuza yule winga kijana ili mpate nauli ya mechi tatu! Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Unaniuliza ningefanyaje mimi. Mpira wenu naufahamu kidogo, lakini acha nikusimulie habari za Sam Pollock.

Huyu alikuwa meneja mkuu wa Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafuni, tangu 1964 hadi 1978. Meneja mkuu siye kocha. Yeye ndiye anayesajili, anayeuza, anayebadilishana wachezaji na wenzake, na hata kocha huajiriwa naye. Pollock hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL, ligi kuu ya hoki kule Amerika Kaskazini. Alianzia chini kwenye timu za vijana, na katika miaka yake 14 kitini Montreal ikabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi hiyo, mara 9.

Sasa sikiliza ujanja wake. Kule hakuna kumfuata kijana nyumbani kwao na bahasha. Kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na enzi hizo iliyoshika mkia ndiyo ilianza kuchagua, ili mnyonge naye apate. Ila zamu yenyewe ni mali. Unaweza kuiuza hata kabla haijajulikana itakuwa ya ngapi. Mwaka 1967 ligi ilipopanuka kutoka timu 6 hadi 12, wale wageni walitaka wachezaji wa kuwatia uwanjani leo leo. Pollock alikuwa nao tele. Akawagawia, na malipo yake akataka zamu zao za miaka ya mbele.

Mei 1970 aliwapa Seals wa Oakland, moja ya timu hizo mpya, mshambuliaji Ernie Hicke pamoja na zamu ya Montreal ya mwaka ule. Akapokea beki, François Lacombe, na zamu ya kwanza ya Seals ya 1971. Beki wala hakuwa na haja naye sana. Pale Quebec kulikuwa na kijana, Guy Lafleur, ambaye msimu wake wa mwisho wa ligi ya vijana alifunga mabao 130. Kilichobaki ni Seals washike mkia tu.

Lakini katikati ya msimu Los Angeles Kings nao wakawa wanaporomoka, wakaelekea kushika mkia badala ya Seals. Januari 1971 Pollock akawapelekea Ralph Backstrom, mkongwe mwenye makombe 6. Backstrom mwenyewe alikuwa ameshaomba kuhama, ndiyo maana wapo wanaosema kisa hiki kimetiwa chumvi. Mimi nakiamini, chumvi na yote. Kings wakapanda, Seals wakamaliza wa mwisho na pointi 45, na Juni Lafleur akavaa jezi ya Montreal. Wewe unayenishinda kwenye bao la kete kila likizo unaujua mchezo huu: unasogeza kete pembeni, hakuna anayekutazama, na mtaji unakuja baada ya mizunguko mitatu.

Hata golikipa wa Montreal, Ken Dryden, alimchukua kutoka Boston mwaka 1964 kwa kubadilishana vijana. Hakusimama golini Montreal hadi Machi 1971. Miaka karibu 7, Somo! Na kombe akalibeba majira yale yale. Msimu wa 1976–77, Dryden golini na Lafleur mbele, walipoteza mechi 8 tu kati ya 80.

Nisikudanganye lakini. Pollock aliweza kungoja kwa sababu stoo yake ilijaa. Ninyi mlikuwa na basi la kulipia Ijumaa, na dereva hakubali zamu ya mwakani. Kwa hiyo kamati yenu siilaumu kwa kuuza. Nailaumu kwa kuuza yote. Mngedai asilimia ya mauzo yake ya mbele, japo kumi kwa mia, mngekuwa mmebaki na kitu cha kungojea.

Uliza upesi kama ule mkataba umeshapigwa muhuri. Kama bado, niandikie kabla ya Jumamosi, nikutungie hicho kifungu.

Wasalimie nyumbani, na umwambie mama kofia yake ya sufu ndiyo naivaa hadi ndani.

Somo yako