Pluto haikuonewa

Mhariri,

Kila ikitajwa habari ya Pluto kuondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, watu hulalamika kana kwamba jirani yao amenyang'anywa shamba. Wanasahau kwamba jambo hili si geni. Ceres, gimba dogo linalozunguka Jua, ilipogunduliwa mwaka 1801 iliitwa sayari. Baadaye yakaonekana magimba mengine mengi ya aina yake kati ya Mirihi na Mshtarii, ikaondolewa orodhani, na leo hakuna anayeililia. Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, imekutwa na yayo hayo. Mwaka 2005 ilitangazwa Eris, gimba jingine la mbali linalozunguka Jua, inayokaribiana nayo kwa ukubwa na kuizidi uzito. Ama tungeongeza sayari kila mara, ama tuweke mpaka.

Wanaonichekesha zaidi ni wanasiasa. Mwaka 2024 jimbo la Arizona, Marekani, ambako Pluto iligunduliwa, liliitungia sheria iwe sayari rasmi ya jimbo. Sijui ushuru wataukusanyaje huko!

Hata hivyo, walalamikaji wana hoja nzito ambayo hawaitumii. Kura iliyoiondoa Pluto, mjini Prague, Agosti 2006, ilipigwa na wanaastronomia mia nne na kitu siku ya mwisho ya mkutano wao wa kimataifa, wenzao wengi wakiwa wameshaondoka. Na fasili waliyoipitisha inataka sayari izunguke Jua, iwe mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani isiwe na magimba mengine ya ukubwa wake njiani. Sasa yale maelfu ya magimba yanayozunguka nyota nyingine tuyaiteje? Hapo ndipo wangewabana wataalamu, badala ya kuililia Pluto.

Msomaji wako