Mazungumzo ya Jumamosi: Jingdezhen, mji wa vyombo vya kauri

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi tutazungumzia Jingdezhen, mji ulio kando ya Mto Chang nchini China, ambao ulipewa jina hilo mwaka 1004, enzi ya mfalme Zhenzong. Udongo wake mweupe, kaolini, ambao jina lake limetokana na kijiji jirani cha Gaoling, huchanganywa na jiwe lililosagwa, kisha chombo huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, kikatoka kigumu na cheupe, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kengele. Mashua ziliviteremsha vyombo hivyo hadi Ziwa Poyang.

Mwenye picha za makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, hata zinazoonyesha mashimo tu yaliyobaki baada ya mabakuli kutoka, tafadhali aziweke hapa kabla ya Ijumaa, ninazihitaji sana.