Shukrani kwa mzee wa kituo cha kwanza

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Sikuwahi kukuuliza jina, na mashindano yalipokwisha ulikuwa umeshaondoka. Asante sana.

Uliniona kwenye meza ya kujiandikisha, mgeni kabisa wa mchezo wa kulenga kwa bunduki sahani za udongo zinazorushwa hewani, ukaomba niwekwe kwenye kundi lako la watu watano. Ukanieleza bila haraka: sahani 25, tano kwa kila kituo, yaani mahali pa kusimama na kupiga, mita 15 hivi nyuma ya kibanda cha mtambo unaorusha sahani. Bunduki ibaki wazi na tupu mpaka zamu yangu ifike, na nikihama kituo iwe tupu vilevile. Vikinga masikio vyangu vilikuwa hafifu, ukaniazima vyako vya akiba.

Lakini kubwa kuliko yote ni ushauri wako kuhusu macho. Niitazame sahani, mtutu niuache. Nisiite sahani irushwe kabla sijatulia. Na sahani ikishanipita, basi, niisahau. Hapo ndipo zilipoanza kupasuka, na wewe ukafurahi kana kwamba alama ni zako!

Nimeshajiandikisha kwa mashindano yajayo. Ukisoma haya, tafadhali nitafute. Natamani sana tuwe kundi moja tena.