Punje ndogo sio kwamba tumewaibia

Jamani tuelewane, maana kila msimu simu ni ileile, "soya yenu safari hii mmetupa chenga". Juzi mteja wa kuku wa mayai karudisha gunia zima anataka tupunguze bei, tukapima unyevu mbele yake, kavu kabisa, anasema sawa lakini mbona ndogo.

Mzigo huu ni wa Namtumbo, kule Ruvuma, mvua ilikata maganda yakiwa yanajaza. Soya ikikosa maji hapo punje inasinyaa na mafuta yanapungua, ila protini mara nyingi haishuki, inaweza hata kupanda kidogo. Kwenye punje kavu protini ni kama asilimia 40 na mafuta 20, na kawaida kimoja kikipanda kingine kinashuka. Kwahiyo wa kuku, anayetafuta protini, hana hasara hapo, wa kulalamika ni anayekamua mafuta na yeye tulishamwambia asubiri mzigo mwingine.

Sisi zinazotutisha ni zile punje nene zinang'aa, kumbe shamba halikuwekewa bakteria. Soya inapata naitrojeni yake nyingi, ya kujengea protini, kwenye vinundu vya mizizi vinavyotokana na bakteria hao, sasa shamba ambalo halijawahi kulimwa soya usipopaka mbegu bakteria vinundu havitoki vya maana, protini inashuka na kwa macho huoni kitu. Ndo maana mazao yakiwa kwenye maua tunapita mashambani, tunang'oa mche tunapasua kinundu, kikiwa chekundu ndani, yaani kinafanya kazi, tunamwandika mkulima tununue kwake, kikiwa cheupe tunaaga. Nauli ya kule na kazi ya kupepeta ndo mnaiona kwenye bei, hatujajipangia tu.

Halafu kuna wanaokimbilia ya bei chee, imevunwa bado kijani, na wanaisaga mbichi kukwepa hela ya kukaanga!! Soya mbichi ina vitu vinavyomzuia kuku kusaga protini, hata iwe imetoka shamba zuri kiasi gani. Kuna mama alifanya hivyo kwa broila, wakadumaa, akaongeza dagaa, bado, akaongeza premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini), mwisho kalipa zaidi ya gunia letu lililokaangwa na kuku kawauza kwa bei ya kutupa.

Ukipiga simu anza kusema ni ya kuku, ya maziwa ya soya au ya kukamua, bei tutaongea baadae. Na anayetaka namba kamili ya protini tunampa sampuli apeleke maabara, gharama yake mwenyewe.