YAH: Kufutika kwa Diski Yangu Mikononi mwa Fundi Wenu

Morogoro,
10 Februari 2025.

Kwa Meneja,
Kitengo cha Matengenezo ya Kompyuta.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo ya harusi na picha za pasipoti hapa Morogoro. Tarehe 3 Februari nilileta laptopu yangu kwenu kwa kazi moja tu: kukloni diski ya zamani ya GB 500, yaani kunakili kila kitu kilichomo kama kilivyo, iingie kwenye SSD (diski mpya ya kasi) ya GB 480 niliyoinunua dukani kwenu siku hiyohiyo. Vitu vyangu vilikuwa kama GB 310, na fundi wenu aliangalia mbele yangu akasema vitaenea. Nililipa Sh 95,000 ya SSD na Sh 40,000 ya ufundi. Risiti ya EFD ninayo.

Kesho yake jioni nikapigiwa simu: "Dada, njoo uchukue mzigo wako." Nikaiwasha palepale kaunta. Iliwaka haraka kweli, lakini ikafunguka Windows isiyo yangu, jina la mtumiaji "Test", folda ya picha haina hata picha moja. Fundi akachomoa SSD, akarudisha diski yangu ya zamani. Nayo ikafungua "Test" ileile. Akashika ukingo wa kaunta, akanyamaza.

Baadaye alinieleza ukweli, na kwa hilo namshukuru. SSD aliijaribu kwanza kwa kuiwekea Windows. Alipounganisha diski zote mbili, programu ikamtaka achague ipi ni ya kutoa na ipi ni ya kupokea. Watengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski ya 500 ilisomeka 465 na ya 480 ikasomeka 447. Namba zinakaribiana, akazigeuza: SSD ikawa ya kutoa, diski yangu ikawa ya kupokea. Programu ikamwonya kwamba diski ya kupokea itafutwa, akabonyeza ndiyo. Kila diski ina namba yake ya utambulisho kwenye lebo. Kuilinganisha na iliyo kwenye skrini ni kazi ya dakika moja. Na hata kabla ya kugusa chochote, diski ya mteja ilipaswa kunakiliwa kwanza kwenye diski ya tatu. Hakufanya hivyo, na nyie hamjamwekea utaratibu wa kumlazimisha kufanya.

Ndani ya diski ile kuna harusi ya tarehe 23 Novemba. Bibi wa bwana harusi amekaa kwenye kiti cha plastiki, amewashika mikono maharusi, anawaombea kwa sauti ya chini. Dakika nne za video. Bibi huyo alifariki Januari. Kadi za kamera nilishazitumia kwa kazi za Desemba, kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu, na nilikuja kwenu ili ziwe mbili: SSD niifanyie kazi, diski ya zamani niiweke kabatini.

Nilipoingia ofisini kwako ulinigeuzia risiti ukanionyesha maandishi ya nyuma: kampuni haitahusika na upotevu wa data. Ndugu Meneja, ningeleta laptopu kubadilishwa kioo, ningekuelewa. Mimi sikuleta kioo. Nililipia data ihamishwe, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu hawezi kulipwa kubeba mzigo kisha akasema mzigo haumhusu.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba fundi alitaka kupakua programu ya kuokoa faili kwenye diski ileile iliyofutwa. Nilimzuia. Diski ya aina hiyo ya zamani hubaki na data iliyofutwa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows ile ya majaribio imekula sehemu tu, kwa hiyo huenda picha nyingi bado zipo chini yake. Kila kinachoongezwa kinazimaliza. Sasa diski imo kwenye mfuko kabatini kwangu na haitawashwa.

Ninataka mlipie mtaalamu wa kuokoa data nitakayemchagua mimi, atakayeinakili diski sekta kwa sekta kwanza, yaani kipande kwa kipande hadi mwisho, kisha afanye kazi kwenye nakala hiyo, si kwenye diski yenyewe. Ninataka Sh 40,000 yangu irudi. Na ninataka maelezo ya kilichotokea kwa maandishi, yenye sahihi yako na muhuri wa kampuni, kwa sababu wateja wangu wana haki ya kuonyeshwa kwamba picha zao sikuzifuta mimi. Sitaki kijana yule afukuzwe kazi.

Nijibuni kwa maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 21 Februari. Msipojibu, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, pamoja na risiti na diski. Familia ya bwana harusi inakuja studio kesho yake, Jumamosi, kuchukua albamu na video ya bibi yao.

Wenu,
Mwenye studio.