Mtaalamu wa ergonomia aitwe kabla mashine haijanunuliwa

Ndugu Mhariri,

Tangu Tume ya Ulaya ilipotoa waraka wake wa Viwanda 5.0, dira ya viwanda vinavyojali watu pamoja na teknolojia, mwaka 2021, kauli ya kumtanguliza binadamu imeenea. Tunaiunga mkono. Hata hivyo, mara nyingi mtaalamu wa ergonomia, yaani fani ya kuoanisha kazi na mwili na akili ya mtu, huitwa mashine imeshafungwa, zege limekauka na wafanyakazi wanalalamikia migongo. Hapo hubaki kugawa mikanda ya mgongo na kubandika mabango.

Chukua kazi ya kunyanyua. Fomula ya kikomo cha mzigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kilo 23, mzigo ukiwa karibu na mwili na mikono ikiwa sentimita 75 kutoka sakafuni. Ukimlazimu mtu kuufuata mbele, sentimita 50 kutoka vifundo vya miguu, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Ukiuweka sakafuni, unapata chini ya kilo 9, na bado hatujahesabu kujipinda wala marudio. Dawa yake ni meza ya kimo sahihi inayomfikisha mtu karibu na mzigo. Kumhubiria akunje magoti hakupunguzi hizo sentimita 50.

Hayo wataalamu wetu wanayamudu. Wanapopwaya ni pale roboti inapofanya kazi bega kwa bega na mtu. Kasi ikipangwa na roboti, mkao unaweza kupata alama nzuri za RULA, kipimo cha mkao wa mwili kazini, huku akili imechoka. Kengele zikilia ovyo, opereta huzizoea, hata ile ya hatari ikampita. Mtafiti wa saikolojia Lisanne Bainbridge alionya tangu 1983: mashine ikijiendesha, mtu hupoteza ustadi, kisha huitwa siku kazi inapoishinda mashine, yaani siku ngumu kuliko zote. Hata mavazi ya kusaidia mabega yanaweza kuuhamishia mzigo kiunoni.

Kwa hiyo vyuo vifundishe kupima mzigo wa akili, kwa mfano kwa dodoso la NASA-TLX lenye vipimo 6, pamoja na kusoma data za vihisi na kuhoji nani anaruhusiwa kuziona. Viwanda navyo viweke sharti kwenye zabuni: kituo cha kazi kijengwe kwanza kwa kadibodi, kijaribiwe na waendeshaji wenyewe, wafupi kwa warefu, wa zamu ya usiku wakiwemo, na kitufe cha kupunguza kasi kiwe mikononi mwao. Bila saini ya mtaalamu wa ergonomia, malipo ya mwisho yasitoke.

Wataalamu wa ergonomia viwandani