Kwa mpwa wangu mwalimu: kabla hujalibandika lile bango la Harriet Tubman

Mpwa wangu,

Marahaba. Rasimu ya bango la klabu ya historia, la Harriet Tubman, mtumwa wa Marekani aliyetoroka kisha akarudi kuwatoa wenzake, nimeipata. Picha imekaa vizuri, ila usiipeleke kwa mchapaji kabla hujafuta namba mbili: "watu 300" eti aliowaokoa, na "zawadi ya dola 40,000" eti kwa atakayemkamata.

Hiyo 300, pamoja na zile safari 19, ilienezwa na kitabu kilichochapwa 1868 ili kumchangia fedha mama huyu, na kitabu cha kuchangisha hakikosi chumvi. Watafiti wamepitia daftari za William Still wa Philadelphia, aliyeandika majina ya watumwa watoro waliopita mikononi mwake, wakazilinganisha na barua za Thomas Garrett wa Wilmington, naye msaidizi wa watoro. Hesabu yao ni safari 13 hivi na watu 70 hivi, mbali na wengine kama 50 hadi 70 waliotoroka wenyewe kwa maelekezo yake. Dola 40,000 hazikutangazwa na mtu yeyote. Tangazo lililopo ni la tarehe 3 Oktoba 1849, la Eliza Brodess, mjane aliyemmiliki, akimtafuta "Minty" (ndilo jina lake la utotoni) na kaka zake wawili: dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo lao la Maryland, 50 akikamatwa ndani.

Najua utasema 70 ni ndogo, wanafunzi hawatashtuka. Watashtuka ukiwaonyesha kazi ilivyofanyika. Mtu aliyekwisha kuwa huru, anayetafutwa, anarudi mara 13 kwenye wilaya zile zile anakojulikana kwa sura, halafu hapotezi hata mmoja wa aliowaongoza. Hapo wape dakika 40 za kipindi cha kwanza.

Anza na maneno, kwa sababu maneno yatakuangusha. Ukisema "mtoro" Kidato cha Pili watacheka. Kwao mtoro ni anayeruka ukuta wa shule. Waambie kwamba pwani yetu, karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba wakaanzisha vijiji vyao. Neno ni letu, lina heshima yake, litumie. Na ukisema "Reli ya Chini ya Ardhi" wataona handaki na treni ya SGR. Haikuwa reli wala haikuwa chini ya kitu. Ulikuwa mtandao wa watu, weusi huru na wazungu wachache, wengi wao wa Quaker, dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, waliopokezana watoro nyumba kwa nyumba. Nyumba waliiita stesheni, kiongozi kondakta. Konda huyu hadai nauli.

Sasa ufundi wenyewe. Araminta Ross alizaliwa Dorchester, Maryland, mnamo 1822 hivi. Jina Harriet ni la mama yake, Tubman ni la mume. Utotoni alitumwa kukagua mitego ya panya wa majini, akiingia kwenye maji ya baridi mpaka kiunoni. Baadaye alikata magogo na baba yake, Ben Ross, na kazi ya mbao ndiyo iliyomkutanisha na mabaharia weusi waliojua habari za kaskazini. Kwa hiyo alizijua mbuga za maji, misitu na watu wa kuaminika kabla hajawaza kukimbia. Alikuwa pia na jeraha: msimamizi mmoja alimrushia mtoro jiwe la mizani la ratili mbili, karibu kilo moja, likampata Harriet kichwani. Tangu hapo alikuwa akipitiwa na usingizi wa ghafla, hata njiani, na wenzake hawakuwa na la kufanya ila kumsubiri azinduke.

Mwaka 1849 alitoroka na kaka zake. Wao wakaingiwa na hofu wakamrudisha. Akaondoka tena peke yake. Nyumba ya kwanza iliyompokea ilimpa ufagio afagie uani, mpita njia adhani ni mtumishi wa pale. Mpaka Pennsylvania, jimbo la kaskazini lisilo na utumwa, ni kilomita 145 hivi, zaidi ya Dodoma mjini hadi Mpwapwa, kwa miguu na usiku tu.

Safari zake nyingi zilikuwa za majira ya baridi. Hapa kwetu usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima. Maryland mwezi Desemba unazidi saa 14, na watu wamejifungia ndani. Aliwaondoa watu Jumamosi usiku, maana Jumapili hakuna kazi wala gazeti la kutangaza watoro mpaka Jumatatu. Hakuwafuata shambani, alipanga wakutane mahali pa mbali. Mtoto mchanga alipewa dawa yenye afyuni asilie. Bastola aliyobeba ilikuwa ya kuwatishia wasaka watoro, na pia yeyote aliyetaka kurudi nyuma katikati ya safari, kwa kuwa anayerudi hupigwa mpaka ataje stesheni zote.

Mfano wa kuusimulia kwa kirefu ni wa Krismasi ya 1854. Kaka zake watatu, Robert, Ben na Henry, walikuwa wapigwe mnada siku inayofuata sikukuu. Harriet hakujua kusoma, akamwambia mtu aandike barua kwa Jacob Jackson, mkulima mweusi huru aliyejua kusoma, ikiwa na jina la mtoto aliyelelewa na Jackson. Ndani kulikuwa na maneno ya dini: kaka zangu wakeshe kwa sala, na merikebu ya Sayuni ikija wawe tayari kupanda. Wakubwa wa posta waliifungua, wakashuku, wakamwita Jackson aieleze. Akaisoma, akasema haielewi, huenda si yake. Kisha akaenda kuwaambia vijana wajiandae.

Robert alichelewa kwa sababu mkewe alikuwa na uchungu wa uzazi. Akamwacha na kichanga. (Usiliruke hili. Wasichana wa darasani watalidaka, na wako sawa.) Asubuhi ya Krismasi walikuwa ndani ya ghala la mahindi karibu na nyumba ya wazazi. Mama yao alikuwa amewaandalia chakula, anachungulia njia. Hawakumwambia, wakihofia angepiga kelele. Walimtazama kupitia nyufa. Baba aliwaletea chakula akiwa amejifunga kitambaa machoni, ili akiulizwa aape kwamba hajawaona wanawe, na awe hajasema uongo. Desemba 29 majina yao yakaingia daftarini kwa Still.

Philadelphia nayo haikuwa mwisho wa safari. Sheria ya 1850 iliruhusu mtoro kukamatwa popote Marekani, na kamishna, yaani ofisa wa kuamua kesi ya mtoro, alilipwa dola 10 akimrudisha, 5 akimwachia. Waandikie ubaoni hizo mbili, kisha nyamaza kidogo. Ndiyo maana akawapeleka mpaka St. Catharines, Kanada.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vipitie haraka: Juni 2, 1863, aliongoza majeshi ya Kaskazini kupanda mto Combahee, South Carolina, kwa habari alizokusanya kwa watumwa wenyewe, na watu zaidi ya 700 wakapanda boti. Malipo ndiyo ya kukalia. Serikali ilimpa dola 8 kwa mwezi kama mjane wa askari, mume wake wa pili, na 1899 ikaongeza hadi 20 kwa kazi ya uuguzi. Kwa ujasusi hakupewa pensheni. Alifariki Auburn, New York, Machi 10, 1913, ndani ya nyumba ya wazee aliyoianzisha mwenyewe.

Na usimfanye malaika asiyeshindwa. Mwaka 1851 alirudi kumchukua mumewe akakuta ana mke mwingine. Mwaka 1860 alimfuata dada yake Rachel akakuta amekwisha kufa. Watoto wawili wa Rachel hawakutoka, kwa kukosekana dola 30 za kuhonga.

Kuhusu nyota iliyowaelekeza watoro kaskazini: usiwatoe watoto nje ukawaonyesha Nyota ya Kaskazini, haionekani Dodoma. Nyota hiyo huinuka juu ya upeo kwa digrii zilezile za latitudo ya mahali. Kule kwa Harriet ni kama digrii 38, yaani karibu ngumi nne ukinyoosha mkono. Sisi tuko digrii 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo imezama. Lakini Mei, mvua zikiwa zimekatika na anga la Chamwino limetakata, watazame kaskazini saa 3 usiku. Wataona nyota saba kama kata ya kuchotea maji, imepinduliwa. Waunganishe zile mbili za ukingo ulio mbali na mpini, washuke kwa mstari huo huo mara tano ya nafasi iliyo kati yake. Mstari utaingia ardhini, na hapo chini ndipo ilipo.